Uliza Tukujibu: sabuni inayowasha, maji ya paa na simu ya mkopo

Barua za mwezi huu zimetoka pande tofauti lakini kilio ni kimoja: pesa inakwenda dukani kwa kitu ambacho mtu anahisi angeweza kukitengeneza, kukirekebisha, au kuishi bila hicho. Tumejibu kwa gramu, lita na sentimita, maana waliotuandikia wengi walikuwa na nia tayari. Walichokosa ni kipimo.

Sabuni yangu inawasha mikono

*Habari za kazi. Nilifuata maelezo niliyoyaona kwenye simu: lita moja ya mafuta ya kupikia, magadi na maji. Nilikoroga saa mbili, ikabaki uji. Nikarudia kwa kostiki soda nikipima kwa kikombe. Mara hii ilishika, lakini inawasha mikono, na nilipoikata ndani ina vishimo vyenye maji. Nimekosea wapi?* — Mama wa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam

Mama, makosa ni mawili na kila moja lina sababu yake.

Magadi hayageuzi mafuta kuwa sabuni. Yanalainisha maharage na kisamvu vizuri sana, ila nguvu ya kuvunja mafuta hayana. Kazi hiyo, kwa sabuni ya kipande, ni ya kostiki soda, na hapo ndipo kosa la pili lilipoingia: umepima kwa kikombe. Kostiki hupimwa kwa uzito, na kila aina ya mafuta ina kiwango chake. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi za kostiki, mawese hula 141, alizeti 134. Ukichukua kipimo cha nazi ukakitia kwenye alizeti, karibu gramu 50 za kostiki zinabaki hazina mafuta ya kula, na hizo ndizo zilizokuwasha. Jambo jingine linalowapotosha wengi: lita moja ya mafuta si kilo moja. Ina gramu 920 tu hivi.

Anza na mchanganyiko huu, ambao unatoa kipande kigumu chenye povu la kutosha:

mafuta ya mawese ya kupikia, gramu 600
mafuta ya nazi, gramu 300
mafuta ya alizeti, gramu 100
kostiki soda, gramu 145
maji safi, ya mvua yakipatikana, gramu 320

Kostiki hapo imepunguzwa kwa asilimia 5 chini ya ile ambayo mafuta yangeweza kula. Ule upungufu ndio kinga ya ngozi yako, kwa hiyo usiongeze "kidogo tu ili ishike".

Vifaa: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, jagi la plastiki nene linalostahimili maji ya moto, mwiko utakaobaki wa sabuni tu, glavu za mpira na miwani. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki nene. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu, haifai kabisa. Kostiki huila, ikatoa gesi inayoshika moto, na mwisho sufuria hutoboka.

Fanyia kazi nje au penye upepo, watoto wakiwa mbali. Pima maji kwenye jagi, kisha mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Usigeuze mpangilio huo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko utapata joto la kukaribia maji yanayochemka na kutoa mvuke unaokereketa, basi simama upande upepo unakotoka. Uache upoe mpaka ukigusa jagi kwa nje unahisi joto la maji ya kumwogeshea mtoto. Mafuta nayo yapashe moto yafikie joto hilohilo, kwa sababu mawese na nazi vikiwa baridi huganda, na sabuni ikaonekana imeiva kumbe ni mafuta tu yamegandamana. Hivyo vishimo vyako vyenye maji mara nyingi vinaanzia hapo.

Mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta kwa mchirizi mwembamba na ukoroge bila kupumzika sana. Kwa mkono ni dakika 30 hadi saa nzima. Kwa ile mashine ya umeme ya kushika mkononi ni dakika 3 hadi 5, ukiiwasha na kuizima. Mwanzoni mafuta yanang'aa na kuteleza pembeni ya mwiko. Baadaye rangi inafifia, inakuwa kama chai iliyozidi maziwa. Chota kwa mwiko na udondoshe juu: mchirizi ukikaa juu kama uji wa ulezi, ukaonekana kwa sekunde mbili tatu kabla ya kuzama, imeiva. Mimina kwenye boksi ulilotandika nailoni, funika kwa blanketi kuukuu saa 24, kisha kata. Utapata vipande 12 hivi vya gramu 100 vikishakauka. Visimamishe kwenye rafu vikiachana, kwa wiki 4 hadi 6. Sabuni iliyotumika wiki ya kwanza huyeyuka upesi na bado ni kali.

Ungaunga mweupe unaotokea juu usikutishe. Ni kostiki iliyokutana na hewa, unakwangua tu. Kipande chenye matone ndani au kinachochoma hakifai kuogea. Kisugulie sakafu ukiwa na glavu.

Kostiki ikikurukia kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Siki iache kabatini, maji ndiyo dawa. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mfululizo dakika 20 kisha nenda hospitali hata kama unaona nafuu. Na kostiki inayobaki ihifadhi kwenye kopo linalobana. Mfuko ukibaki wazi hunyonya unyevu, ukafanya mabonge, na gramu 145 ulizopima haziwi tena 145.

Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, na visima vingi vya Dar viko hivyo, sabuni ya mawese haitatoa povu. Ongeza nazi: nazi gramu 600, mawese 400, kostiki 158, maji 340. Sabuni yenye nazi nyingi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi.

Sasa swali ambalo hukuuliza: itakuwa nafuu? Kwa kufulia, mara nyingi hapana. Kiwanda kinanunua mafuta kwa tani, wewe unayanunua kwa bei ya rejareja, yale yale ambayo ungepikia. Kwa kuogea, ukilinganisha na kipande kizuri cha dukani, hesabu inaweza kukubali. Ipige kwanza kwa bei za mtaani kwako kabla ya kununua kostiki ya kilo nyingi.

Tangi la lita 10,000, au nianze na pipa?

*Nyumba yetu ni ya mabati, mita 8 kwa 6. Maji ya mfereji yanakuja mara mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua mtungi mmoja mmoja. Fundi ananiambia bila tangi la lita 10,000 nitapoteza wakati. Pesa hiyo sina.* — Msomaji, Kilifi

Ndugu, fundi amekupa jibu kabla ya kupima. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Paa lako, likipimwa kwa kivuli chake chini na si kwa mteremko wa bati, ni mita mraba 48. Ondoa moja ya tano kwa yanayoruka, yanayokauka juani na yanayopita juu ya gata mvua ikipiga kwa nguvu. Unabaki na lita 38 kwa kila milimita. Mvua moja ya milimita 25, ambayo wakati wa masika si ya ajabu, inakupa lita 960.

Upande wa pili wa hesabu ni matumizi. Kwa wiki moja piga mstari ukutani kila mnapofungua mtungi wa lita 20. Tuseme ni mitungi 5 kwa siku, yaani lita 100. Tangi la lita 1,000 likijaa linawapa siku 10, na katika masika mvua haichelewi siku 10 mara nyingi. Lita 10,000 zina maana kwa mtu anayetaka kuvuka kiangazi kwa maji ya mvua peke yake. Wewe una mfereji unaokuja mara mbili kwa wiki, kwa hiyo kazi ya tangi lako ni kuziba mapengo.

Kwa hiyo anza na upande mmoja wa paa, ule mrefu wa mita 8. Funga gata moja na uweke pipa la lita 200, au mawili yaliyounganishwa kwa chini. Mapipa yawe yaliyobeba chakula zamani, kamwe si ya dawa za shamba au mafuta ya magari. Gata literemke sentimita 1 kwa kila mita, yaani mwisho wake uwe chini kwa sentimita 8 kuliko mwanzo. Pima kwa uzi na mpira wa maji wa mafundi. Likiteremka kidogo kuliko hapo, maji yanasimama na mbu wanazaliana. Likizidi, mwanzo wa gata unakaribia bati na mwisho unakuwa mbali mno, maji yanaruka nje. Vishikio viachane sentimita 60 hadi 90, la sivyo gata lililojaa litapinda katikati.

Kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka ni kutupa maji ya mwanzo. Bati la msimu mkavu limebeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege, na yote hushuka katika dakika za kwanza. Tupa lita 1 kwa kila mita mraba, kwa upande wako lita 24. Weka kiungo cha T kabla ya pipa: tawi moja liende kwenye pipa, jingine lishuke wima na kuzibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Maji machafu yanajaza kwanza hilo lililozibwa, likishajaa masafi yanapita kwenda kwenye pipa. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 hivi kwa kila mita, kwa hiyo unahitaji mita 3. Ukuta wako ukiwa mfupi, tumia bomba la mita 1 linaloingia kwenye mtungi wa lita 20 uliobanwa vizuri. Toboa tundu dogo la msumari kwenye kifuniko cha chini ili lijimwage lenyewe kati ya mvua na mvua. Usipotoboa utasahau kulifungua, na mvua inayofuata itapitisha uchafu wote ndani.

Mapipa na matangi yafunikwe yasiingize mwanga, maana mwanga ndio unaootesha ule ukijani. Kila tundu, pamoja na la kufurikia, lifungwe neti. Ukifika kwenye tangi la lita 1,000, kumbuka limebeba tani nzima: chini liwe na zege au mawe yaliyoshindiliwa, si matofali manne. Ya kunywa yachemshe. Kama jiko mmeliezeka makuti, maji ya upande huo ni ya bustani tu.

Mlianzia dukani

*Mimi na mke wangu tuliamua kuishi kwa kiasi na kujitegemea. Tumenunua cherehani, mashine ya kusagia, mitungi ya kioo na vifaa vya bustani. Miezi minne sasa, akaunti iko tupu kuliko tulipoanza.* — Mwajiriwa, Arusha

Pole ndugu, na asante kwa kusema wazi. Kujitegemea nako kumekuwa bidhaa, na wanaouza vifaa vyake wanajua hamu yenu vizuri.

Simamisheni ununuzi wa kifaa chochote kwa siku 60. Chukueni daftari la shule, kila ukurasa mistari mitatu: kitu, bei, na siku kilipokwisha. Huo mstari wa tatu ndio wenye maana, kwa sababu watu wanakumbuka bei na kusahau kasi. Mafuta ya kupima ya shilingi 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Nendeni na hiyo 30,000 mkaulize inanunua lita ngapi kwa dumu, kisha mlinganishe na mlizopata kwa vipimo. Baada ya siku 30 jumlisheni, mchague vitu vitatu tu vilivyokula pesa nyingi. Hivyo ndivyo vya kushughulikia, na huenda cherehani isihusike hata kidogo.

Kwa waajiriwa wengi, kati ya vitatu hivyo kimoja ni michango: harusi, kipaimara, "send-off", kundi la hili na lile. Hatusemi msichangie, maana nasi tunazikwa na watu. Wekeni kiasi kimoja cha mwezi, kitoeni mapema, na kikiisha semeni kimeisha. Kadi inayokuja na kima cha chini ilichojipangia yenyewe haiwafungi. Nguo za sare za kila sherehe zinaweza kukataliwa kwa heshima.

Neno kujitegemea tumelibeba tangu Azimio la Arusha la 1967, na halikuwahi kumaanisha kila kaya ijifungie na mashine zake. Familia nne zikinunua gunia la mchele pamoja na kugawana kwa mizani, zinapata bei ya jumla bila kabati jipya. Cherehani moja inatosha nyumba tano. Mpeni jirani anayejua kushona aitumie, yeye awashonee pindo za sare za watoto. Kama siku 60 zikiisha na haijaguswa, iuzeni ikiwa bado mpya.

Kunde zinaota ukungu

*Nakausha majani ya kunde juu ya bati. Yanakuwa meusi, na mwezi wa pili ndani ya ndoo yanaota ukungu.* — Mkulima, Dodoma

Mama, bati linayaunguza, na ndoo inayafunga yakiwa bado na unyevu. Jua kali la moja kwa moja pia linaua vitamini A, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kula majani hayo.

Chambua, osha, kisha chovya kwenye maji yanayochemka kweli kweli, lita 5 kwa kilo 1 ya majani. Hesabu dakika 2 hadi 3 baada ya maji kuanza kuchemka tena, halafu yatie kwenye maji baridi. Kuchovya huko kunazuia majani yasiendelee kubadilika rangi na ladha yakiwa ghalani. Ukizidisha muda yanakuwa mlenda, hayatandiki tena. Yachuje mpaka yasidondoshe maji.

Tengeneza kichanja kilichoinuka mita 1 kutoka ardhini, juu yake neti, tandaza majani kwa tabaka moja, funika neti ya pili kuzuia nzi na vumbi. Kiweke kivulini penye upepo. Kwa kiangazi cha Dodoma siku 2 kwa kawaida zinatosha. Geuza mara tatu kwa siku na uyaingize ndani jioni, kwa kuwa umande wa usiku mmoja unarudisha unyevu wa siku nzima. Kilo 10 za majani mabichi zitakuachia kilo moja na kidogo.

Kipimo cha kukauka ni vidole: jani lisagike, kikonyo kivunjike kwa mlio. Kikipinda, bado. Acha yapoe kabisa kabla ya kufunga. Yakifungwa na joto yanatoka jasho ndani ya chombo, na ukungu unaanzia hapo. Kwa wiki ya kwanza weka kiasi kwenye chupa ya kioo na uitikise kila siku. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo au majani yakashikana, rudisha yote kichanjani. Yakipita wiki hiyo makavu, yahifadhi kwenye chombo kinachobana, gizani. Yaliyoota ukungu yatupe, usiyachambue. Siku ya kupika yaloweke saa moja kabla ya kutia karanga.

Simu ya kulipa kidogo kidogo

*Betri ya simu yangu inaisha saa nne asubuhi na mahali pa kuchajia pamelegea. Duka moja linanipa mpya kwa deposit ya 3,500, halafu 85 kila siku kwa siku 365. Hiyo simu kwa cash ni 18,000. Nichukue?* — Mhudumu wa hoteli, Nairobi

85 mara 365 ni 31,025. Ongeza 3,500, jumla 34,525. Unalipa 16,525 zaidi ya bei, karibu simu nyingine nzima. Na simu nyingi za mkataba wa namna hii hujifunga ukikosa kulipa, mara nyingi siku ile ile uliyokosa pesa na unahitaji kupiga.

Una 3,500 tayari. Zinabaki 14,500. Ukiweka 85 ile ile kila siku, unafika baada ya siku 171, miezi mitano na nusu hivi. Ikae mahali pasipo kwenye simu, kama kwa mweka hazina wa chama chenu, maana iliyo kwenye laini inatumika.

Miezi hiyo utaivuka na simu uliyonayo. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, si pini, na utoe taratibu vumbi la mfuko lililoshindiliwa ndani ya tundu la chaji. Mara nyingi "kulegea" kote ni kwa sababu plagi haifiki mwisho. Isiposaidia, kubadilisha tundu ni kazi ya kawaida ya fundi. Betri za simu huchoka baada ya kujazwa mara mia kadhaa, na kubadilisha betri ni sehemu ndogo tu ya bei ya simu. Kabla ya hapo ilaze simu juu ya kioo: ikicheza kama imebinuka mgongoni, betri imevimba. Acha kuichaji, usiibonyeze, ipeleke kwa fundi leo.

Koki inayodondosha

*Fundi amebadilisha raba ya koki mara tatu mwaka huu. Bado inadondosha.* — Mpangaji, Morogoro

Weka chombo cha nusu lita chini yake. Kikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 12 kwa siku, 360 kwa mwezi, na mita inazihesabu zote.

Raba mpya ikifa haraka, angalia inapokalia. Funga maji kwenye koki kuu, fungua koki kwa spana, toa kijiti chenye raba, kisha ingiza kidole kidogo ndani na uzungushe: ile shaba ya duara inayokutana na raba iwe laini. Ukihisi mkwaruzo au kishimo, hakuna raba itakayodumu hapo. Fundi ana kifaa cha kuisaga, au ununue koki nyingine ya nusu inchi. Raba yenye alama ya pete iliyochimbika inaonyesha kosa jingine, nalo ni kukaza kwa nguvu mno. Koki ikaze mpaka maji yakatike, basi. Kama maji yanatoka shingoni chini ya mkono wa koki na si mdomoni, raba haina hatia: kaza nati ya shingo robo mzunguko, na yasipokoma zungushia utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye kijiti, chini ya nati hiyo. Zile koki za kugeuza robo tu huwa hazina raba. Hizo hubadilishwa kitu chote cha ndani, na uende dukani nacho mkononi kwa sababu hazifanani.

Zipu ya begi la shule

*Zipu inapita lakini meno hayashikani. Fundi viatu anataka kuibadilisha yote.* — Mzazi, Tanga

Meno yakiwa mazima, kilichochoka ni kichwa cha zipu, kimetanuka. Kirudishe mwanzo kabisa, kibane nyuma kwa plaizi, kushoto kidogo, kulia kidogo, ujaribu, ubane tena. Ukikibana kwa nguvu moja kitapasuka. Kisha sugua mshumaa kwenye meno yote.